Cheo kilichomtoa chamani: kisa cha meneja wa depo Kisumu

Ijumaa ya mwisho ya Septemba 2025, saa tisa na nusu alasiri, simu yangu ililia. Aliyepiga huniita dada kwa sababu nilisoma na dada yake, na hajawahi kunipigia saa za kazi. Alikuwa ameketi ndani ya gari lake nje ya depo, kando ya Barabara ya Obote, karatasi mbili zikiwa mapajani. Ya kwanza ilimwarifu kwamba nafasi yake ya meneja wa depo imefutwa na kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho. Ya pili ilisubiri sahihi yake tu: kwamba amepokea hesabu yake, ameridhika, na hana dai lingine lolote kwa kampuni, sasa wala baadaye.

"Dada, wanasema nikitia sahihi leo, pesa zinaingia Jumanne. Nisipotia, zinarudi Nairobi kupitiwa upya, na huenda zikafika Novemba."

Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshamwambia kwa simu kwamba karatasi ya namna hiyo husomewa nyumbani. Nami nikamwambia hivyo hivyo. Aliwasha gari akaenda zake Mamboleo bila kutia sahihi, na karibu kila jambo jema ninaloeleza hapa chini lilitokana na uamuzi huo wa dakika kumi.

Amenikubalia nikiandike kisa chake mradi nisitaje jina lake wala la kampuni. Nimefanya kazi katika idara za wafanyakazi, Nakuru kwanza na kisha Kisumu, kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda mwingi nilikuwa upande wa wanaochapisha barua hizo. Najua zinavyoandikwa, najua kwa nini hutolewa Ijumaa alasiri, na ndiyo maana siwezi kulitazama jambo hili kwa mbali.

Kiwanda kikifungwa, mji mzima hujua. Eveready ilipofunga kiwanda chake cha betri Nakuru mwaka 2014, magazeti yaliandika. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019, eneo zima la magharibi lilizungumza. Meneja wa ngazi ya kati huondoka peke yake. Majirani huona gari limekaa nyumbani siku ya kazi wakadhani yuko likizo, naye kwa aibu huwaacha wadhani hivyo. Huyu wangu aliondoka nyumbani kila asubuhi kwa wiki mbili nzima akiwa amevaa shati la kazi, akaenda kuketi Dunga ufuoni hadi saa kumi, kwa sababu hakujua awaambie nini watoto.

Aliajiriwa Agosti 2008 akiwa karani wa stoo. Kazi ilikuwa kuhesabu kreti zinazotoka alfajiri na kreti tupu zinazorudi jioni. Amehifadhi daftari moja la jalada gumu la mwaka 2011, na nimelishika mkononi. Lina safu tano zilizochorwa kwa rula: namba ya lori, kreti zilizotoka, zilizorudi, zilizovunjika, na pesa taslimu aliyoleta muuzaji. Ukingoni ameweka alama ya penseli kila hesabu ilipokataa kukaa sawa. Lori la njia ya Luanda, mji wa soko ulioko Vihiga, lina alama nyingi kuliko mengine yote. Nilidhani ni wizi. Akanieleza kwamba wafanyabiashara wa kule walilipa baada ya siku ya soko, si siku ya kupokea mzigo, na yeye aligundua hilo baada ya kupanda lori hilo mara tatu kwa hiari yake. Akaanza kuwaachia mzigo kwa neno tu, akidai siku inayofaa. Alama za penseli zikapungua kurasa zinazofuata, na mauzo ya njia hiyo yakapanda. Kwa sababu ya Luanda alifanywa msimamizi mwaka 2014, na mwaka 2018 akawa meneja wa depo, malori sita na watu 23 chini yake, njia zikifika Siaya, Busia, Kakamega na Vihiga.

Barua ya kumpandisha cheo ya 2014 ninayo nakala yake. Ni fupi. Sentensi moja katikati inasema kwamba kuanzia tarehe hiyo yeye amekuwa sehemu ya uongozi, na kwa hivyo makato ya chama cha wafanyakazi yatakoma. Aliisoma kama habari njema, shilingi mia chache za kila mwezi zimerudi mfukoni. Hakuna aliyemwambia zilikuwa zikinunua nini.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, kwa maoni yangu, na ndipo mameneja wengi niliowahudumia walipojikwaa. Katika kampuni ile, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama unampa mwanachama anayepunguzwa kazi malipo ya siku 21 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliye nje ya mkataba huo anabaki na kiwango cha chini cha sheria: kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema asilipwe chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa hiyo siku alipopewa funguo za ofisi na nyongeza ya mshahara, thamani ya kila mwaka wake wa utumishi ilishuka kutoka siku 21 hadi 15, ikiwemo ile miaka aliyokuwa karani. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini mikataba ya pamoja huandikwa kwa ngazi fulani za kazi, na meneja kwa kawaida hayumo.

Hata maneno ya sheria yenyewe yanamtazama kwa jicho tofauti. Kwa mwanachama, kifungu cha 40 kinataka chama na afisa wa kazi wa serikali waarifiwe angalau mwezi mmoja kabla, waelezwe sababu na idadi. Kwa asiye mwanachama, kinasema aarifiwe yeye mwenyewe kwa maandishi pamoja na afisa wa kazi, kisha kinanyamaza kuhusu muda. Nimeona waajiri wakipenya katika ufa huo: barua moja, siku moja, kwaheri. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa iliuziba katika kesi ya Thomas De La Rue, iliposema kwamba sheria ikisomwa kwa kuzingatia lengo lake, muda ni ule ule kwa wote wawili. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Kenya Airways, mahakama hiyo ikazungumzia pia wajibu wa kushauriana na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Miaka zaidi ya kumi imepita, na bado barua za siku moja zinachapishwa, kwa sababu mtu asiye na chama hana wa kumnong'onezea kwamba ufa ulishazibwa.

Kazi yake lakini haikufutwa Septemba. Ilianza kumegwa mapema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika shoka.

Mwaka 2021 malori yalifungwa vifaa vya kufuatilia safari. Mwaka 2022 wenye maduka wakaanza kuagiza bidhaa kwa programu ya simu. Mwaka 2023 wauzaji wakakatazwa kupokea pesa taslimu, kila duka likawa linalipa kwa Lipa na M-Pesa. Mwaka 2024 hesabu ya stoo ikahamia Nairobi. Kila hatua alipewa yeye aifikishe kwa watu. Alizunguka Kibuye kibanda kwa kibanda akiwaonyesha kina mama pa kubonyeza, akawakalisha madereva wazee chini ya mwembe wa depo akawafundisha kusoma ramani ya simu. Alisifiwa kwa barua pepe. Kila alichokifundisha kilikuwa ni kitu ambacho zamani Nairobi ilimpigia simu yeye ili ikijue: lori liko wapi, nani amelipa, kreti ngapi zimebaki. Meneja wa kati, kwa sehemu kubwa, ni mtu wa kupandisha habari na kuteremsha amri. Habari zikianza kupanda zenyewe, ngazi yake inabaki hewani.

Kilichobaki kwake kilikuwa ni watu: msiba wa utingo, ugomvi wa zamu, dereva ambaye sukari imempanda asiende safari ya Busia. Na Luanda. Programu haikuwa na nafasi ya kulipa baada ya siku ya soko, duka lisilolipa lilifungiwa papo hapo. Aliandika Nairobi mara mbili kuhusu jambo hilo. Mara ya pili alijibiwa kwamba mfumo ni mmoja nchi nzima. Mauzo ya njia hiyo yakaporomoka, na kushuka huko kukaja kutajwa katika barua yake ya Septemba kama moja ya sababu za kufunga nafasi. Nilipofika kwenye mstari huo niliiweka barua chini nikatoka nje kidogo. Sioni njia ya kulieleza jambo hilo kwa upole.

Kabla ya barua yake kulikuwa na jedwali. Machi 2025 alitumiwa faili la ekseli lenye majina 11 ya madereva na matingo, akaambiwa ampe kila mtu alama kati ya moja na tano katika safu nne. Sheria inataja vigezo vya kuchagua nani apunguzwe: muda wa utumishi, ustadi, uwezo na kuaminika. Safu tatu zilifuata hivyo. Ya nne iliitwa "matumizi ya programu". Aliijaza usiku kwenye meza ya chakula, mkewe upande wa pili akisahihisha madaftari ya darasa la sita. Dereva mmoja, aliyekuwa na miaka 19 kazini na ambaye ndiye aliyempandisha lori la Luanda mara ile ya kwanza, alimpa tano, tano, nne, na kwenye programu akampa mbili, kwa sababu kweli mzee yule simu ilimshinda. Akalituma.

Orodha ilirudi na majina manne ya kuondoka mwishoni mwa Aprili, na dereva yule alikuwemo. Alipofungua jedwali la mwisho aliona kwamba safu ya programu sasa inahesabiwa mara tatu. Hakuna aliyemuuliza. Aliita watu wanne mmoja mmoja ofisini, akawapa barua, akawaambia maneno aliyotumiwa aseme. Hakuwaambia kuhusu ile mara tatu. Ukiniuliza, hilo ndilo kosa lake katika kisa hiki, na yeye hulitaja kabla sijalitaja. Alidhani anayeshika kalamu yuko salama. Nimewaona mameneja wengi wakidhani hivyo, na nikiwa ofisini sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Hilo ni langu la kubeba.

Sasa turudi kwenye zile karatasi mbili.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 130,000. Miaka iliyokamilika, 17. Kampuni iligawa mshahara kwa siku 30, ikazidisha kwa 15, ikapata 65,000 kwa mwaka, jumla shilingi 1,105,000. Sheria inasema siku 15 za malipo, haisemi ugawe kwa ngapi. Lakini katika kampuni hiyo hiyo, siku ya mshahara ilipokatwa kwa kukosa kazi, waligawa kwa 26, yaani siku za kazi katika mwezi. Ukigawa kwa 26, siku moja ni 5,000, mwaka ni 75,000, na jumla ni 1,275,000. Tofauti ni shilingi 170,000, na imejificha ndani ya namba moja ndogo ambayo barua haikuionyesha, maana iliandika jumla tu. Angekuwa bado mwanachama, kwa siku 21 na mgawo wa 26, angepata 1,785,000. Niliiandika hesabu hiyo ya tatu kwenye karatasi na mkewe akaitazama kwa muda mrefu. Yeye yuko KNUT, chama cha walimu, tangu aajiriwe.

Likizo aliyodai ilikuwa imelipwa sawasawa, na mwezi mmoja badala ya notisi pia. Kilichokosekana ni ile notisi ya kwanza, ya kumwarifu kwamba kampuni inakusudia kufuta nafasi. Chini ya barua palikuwa na maneno "Nakala: Afisa wa Kazi". Jumatatu nilimtuma ofisi ya kazi ya kaunti akaulize kama nakala imefika. Haikuwa imefika. Alhamisi akarudi, akaonyeshwa: imepigwa muhuri tarehe 30 Septemba, siku nne baada ya yeye kuondolewa. Aliomba aruhusiwe kupiga picha muhuri ule, akaruhusiwa. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, muhuri wa tarehe umesaidia watu kuliko hotuba yoyote ya wakili.

Na ile karatasi ya pili je? Wengi husema sahihi ya kulazimishwa haina nguvu. Wasitegemee hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Coastal Bottlers, ilishikilia kwamba mfanyakazi aliyekubali malipo ya mwisho kwa hiari na kutia sahihi kuwa hana dai zaidi amefungwa na sahihi yake. Kuthibitisha kwamba haikuwa hiari ni mlima. Angetia sahihi ndani ya gari siku ile, 170,000 zingekwenda, muhuri usingekuwa na maana, na mimi nisingekuwa na la kumwambia isipokuwa pole.

Wiki ya saba baada ya kuondoka, tangazo la kazi lilipita kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa mauzo: mratibu wa usambazaji, kituo Kisumu, mkataba wa mwaka mmoja. Tulilinganisha majukumu na yale ya barua yake ya 2018. Kati ya kumi na moja, tisa yalikuwa yale yale, mengine kwa maneno yale yale. Sheria inaeleza upunguzaji kuwa ni mtu kupoteza kazi bila kosa lake kwa sababu huduma yake haihitajiki tena. Huduma ya mtu huyu ilihitajika, isipokuwa kwa bei ya chini na bila miaka 17 nyuma yake. Hapo palikuwa na kesi, na mahakama ikikubali kwamba mtu ameachishwa isivyo haki inaweza kumpa fidia hadi mshahara wa miezi 12.

Hakwenda mahakamani. Wakili aliandika barua ya madai Oktoba, akaongeza ya pili baada ya tangazo lile, akaambatanisha picha ya muhuri. Mwishoni mwa Novemba kampuni ilikubali kugawa kwa 26 na kuongeza mwezi mmoja kwa ile notisi iliyokosekana: 170,000 na 130,000, jumla shilingi 300,000 juu ya hesabu ya kwanza. Naye akatia sahihi, safari hii akiwa amesoma kila neno, na suala la tangazo likaishia hapo. Nilimwambia wazi kwamba aliliuza kwa bei ndogo. Alinijibu kwamba ana watoto watatu shuleni na karo ya Januari haingojei jaji. Sikuendelea.

Kuna la Sacco, ambalo mameneja hulisahau hadi siku ya siku. Alikuwa na akiba ya 640,000 na mkopo uliobaki 310,000. Alihesabu kwamba atabaki na 330,000 mkononi. Aliambiwa akiba haitoki, kwa sababu amewadhamini wawili ambao mikopo yao bado haijaisha: utingo mmoja na yule dereva mzee. Wote wawili walikuwa kwenye majina manne ya Aprili. Makato ya mshahara yaliposimama, mikopo yao ilisimama nayo, na pesa za mdhamini zikafungwa. Meneja hudhamini watu wake, ni heshima ya cheo, wanakuja ofisini na fomu na kalamu na huwezi kukataa. Alijifungia akiba yake mwenyewe usiku ule alipojaza jedwali, bila kujua.

Sasa ana mkataba wa miezi sita kwa msambazaji mdogo wa hapa mjini, malori mawili, shilingi 65,000. Kabla ya kutia sahihi aliomba iandikwe kwamba malipo yake ya siku yatahesabiwa kwa 26, na kwamba mkataba usipoongezwa ataarifiwa mwezi mmoja kabla. Mwenye kampuni alishangaa, kisha akaandika. Ningetaka kila mtu anayepewa barua ya kupanda cheo aombe jambo kama hilo siku hiyo hiyo anayopongezwa: ikiwa ninatoka chamani, niandikieni siku 21 zangu. Siku ya kupongezwa ndiyo siku pekee ambayo mwajiri ana haja ya kumfurahisha.

Dereva mzee amerudi kulipa mkopo tangu Desemba, 3,000 kila tarehe tano, kutokana na pikipiki aliyoinunua kwa malipo yake. Kila akilipa humtumia meneja wake wa zamani ujumbe wa M-Pesa na maneno mawili: "Nimetuma, boss." Naye hujibu, "Asante sana, mzee."

Bado hajamwambia kuhusu safu iliyohesabiwa mara tatu. Ameniuliza kama amwambie, nami nimesema ndiyo, bila kuzunguka: dereva ana haki ya kudai, afisa wa chama chake hakuwahi kuliona jedwali lile, na aliye na nakala ni mtu mmoja. Meneja ana hofu kwamba kifungu kimoja cha makubaliano yake ya Novemba kinamzuia kusema. Tumempelekea wakili kifungu hicho akisome. Madai ya namna hii hufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo muda wa dereva unakwisha Aprili 2028. Nilimwandikia tarehe hiyo kwenye kipande cha karatasi, akakiweka ndani ya daftari la 2011, kwenye kurasa za Luanda.